MIELEKA, PIKIPIKI NA NDUGU YANGU WA KONDOA



Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Darsa la leo ni refu kidogo. Mwenye haraka alihifadhi, alisome baada ya Isha. Nimechelewa kuliandika kwa sababu ndani yake mna aibu yangu mwenyewe. Najua dini yetu inatutaka tusitiri makosa yetu, tusiyatangaze. Lakini kosa hili nililifanya mbele za watu, na aliyekosewa ameniruhusu nilieleze mbele za watu. Kwa hiyo someni kwa insafu.

Mwezi Julai 2025 nilikuwa natoka kuswalisha Alasiri hapa kwetu Nkuhungu. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakaniita. Mmoja ana simu mkononi.

"Shekhe, huyu mzee wa Kimarekani amefariki. Wanasema zamani alikuwa bingwa wa mieleka. Unamjua?"

Nikashika simu, nikasogeza miwani. Masharubu meupe, kitambaa kichwani, misuli. Nikasema, "Huyu ni Hulk Hogan."

Walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki yake. Shekhe anamjua Hulk Hogan! Wakataka kujua nimemjulia wapi, nami nikawahadithia kidogo, tukacheka wote. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani, mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu kumpa habari ile alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, aliyeko Kondoa. Nikatoa simu. Nikakumbuka kuwa namba yake nilishaifuta. Tulikuwa hatujasemeshana mwaka wa saba.

ENZI ZA BANDA LA VIDEO

Vijana mliozaliwa na televisheni ukutani hamtaelewa. Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo, picha tulikuwa tunaziona bandani. Kule kwetu Kondoa, mwishoni mwa miaka ya themanini, palikuwa na banda la mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja yenye mgongo mkubwa, deki ya kanda, na jenereta nje inayonguruma kuliko wapiganaji wenyewe. Mafuta yakiisha katikati ya pambano, watu wote mnakaa gizani mnamlaumu mwenye banda.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunauza kuni na maembe ili tupate kiingilio. Kanda zilikuwa zimeshachakaa, zinaruka, tena zimefika kwetu zikiwa na umri wa miaka miwili au mitatu. Haikutusumbua. Kwetu sisi kila pambano lilikuwa la jana usiku.

Tulimwona Andre the Giant, jitu la Kifaransa lenye zaidi ya kilo mia mbili, likinyanyuliwa na Hogan na kubwagwa chini. Pambano lile lilifanyika Machi 1987 kule Michigan, Marekani, na bandani kwetu mzee mmoja aliruka akavunja benchi. Tulimwona Macho Man na miwani yake. Tulimwona Ultimate Warrior akiingia mbio na kutikisa kamba kama mtu aliyepandwa na mashetani.

Mdogo wangu alikuwa na wake, akimpenda kuliko wote: Kamala. Walimtangaza kuwa ni jitu kutoka Uganda, eti aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Anaingia peku, kajichora usoni na tumboni, ana mkuki na kinyago, haongei, anajipiga tumbo tu. Sisi tulikuwa watoto wa enzi za vita vya Kagera, jina la Amin lilitutisha. Lakini mdogo wangu alisema, "Huyu ni jirani yetu, ni Mwafrika, lazima tumshangilie." Banda zima linamzomea Kamala, yeye peke yake anashangilia. Alikuwa na miaka kumi na mbili, na moyo wa namna hiyo tangu zamani.

Ukubwani ndipo nilipokuja kujua kuwa Kamala hakuwa Mganda. Jina lake ni James Harris, mtu wa Mississippi, Marekani. Uganda ile ilikuwa ya rangi na mkuki wa kuchukulia pesa.

Na jambo jingine nililolijua ukubwani liliniuma zaidi. Alikuwepo mmoja akiitwa The Iron Sheik. Huyu kweli alikuwa Muirani, na mpiganaji wa kweli wa mieleka, mpaka miaka ya sabini alisaidia kufundisha timu ya Olimpiki ya Marekani. Lakini ulingoni alipewa kazi ya kuwa mtu mbaya. Anaingia na kilemba na viatu vyenye ncha iliyopinda, anapeperusha bendera ya Iran, watu wamzomee. Januari 1984, New York, Hogan alimpiga akamnyang'anya mkanda. Na kabla yake alikuwepo mwingine akiitwa The Sheik, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon, si Muislamu, ambaye alikuwa akitandika mswala ulingoni na kujifanya anaswali kabla ya kuanza kuwauma na kuwachoma watu.

Mswala, ndugu zangu. Umefanywa vazi la uovu.

Na sisi watoto wa madrasa, tuliohifadhi Juzuu Amma, tulikaa kwenye mabenchi ya Kondoa tukimshangilia Hogan ampige "Shekhe". Hakuna aliyetulazimisha. Ndivyo picha inavyofanya kazi: inakufundisha nani wa kumchukia wakati wewe unadhani unaburudika tu. Mzazi mwenye mtoto na simu ndani ya nyumba, nakuomba uisome tena sentensi hiyo.

MAALIM ALIVYOTUKAMATA

Siku moja tulikosa madrasa siku mbili mfululizo. Siku ya tatu maalim wetu, Allah amrehemu, alituweka mbele ya wenzetu. Tukajua ni bakora. Hakuchukua bakora. Akauliza, "Nimesikia mnakwenda kuangalia mieleka. Haya, nani mwenye nguvu kuliko wote?"

Mimi nikasema Hogan. Mdogo wangu akasema Kamala. Wenzetu wakacheka.

Maalim akasema mieleka si ngeni katika dini yetu. Akatuhadithia habari ya Rukana, mtu wa Makka aliyesifika kwa nguvu, ambaye imepokewa kuwa alipambana na Mtume (s.a.w.), na Mtume akamwangusha. (Habari hii imo kwa Abu Dawud na Tirmidhi, na Tirmidhi mwenyewe ameeleza kuwa sanad yake si madhubuti. Nalitaja hili ili mtu asije akasimama nayo kwenye mimbari bila kujua.) Akatuhadithia pia vijana wa Madina siku za Uhud, Samura na Rafii, walivyopambanishwa mieleka ili ijulikane nani anafaa kwenda vitani.

Kisha akatupa hadithi ambayo ndiyo msingi wa darsa hili. Ameipokea Abu Huraira, na imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alilichukua neno lile lile la Kiarabu linalotumika kwa mtu hodari wa kuwaangusha watu kwenye mieleka, akafundisha kuwa nguvu ya kweli haipo kwa huyo, ipo kwa yule anayeweza kujizuia anapokuwa amekasirika.

Maalim akasema, "Hogan wenu anamwangusha mtu wa kilo mia mbili. Muulizeni kama anaweza kuiangusha hasira yake."

Tulikariri. Tukatoka pale na wiki hiyo hiyo mimi na mdogo wangu tukashuka kwenye mchanga wa mto kuigiza pambano. Akanizidi mara mbili mbele ya wenzetu. Wakanicheka. Mara ya tatu sikucheza tena. Nilimnyanyua kwa hasira, nikambwaga juu ya mkono wake. Ulivunjika kiwikoni. Mtaalamu wa kuunga mifupa akaunga, lakini mkono wa kushoto wa ndugu yangu haukunyooka tena sawasawa mpaka leo.

Marehemu baba aliponiuliza, mdogo wangu alimwambia ameanguka kwenye mwembe.

EKARI KUMI

Baba yetu alifariki mwaka 2018. Mama alishatangulia. Aliacha nyumba na shamba la ekari kumi, la alizeti na mahindi. Warithi tulikuwa watatu: wavulana wawili na dada yetu mmoja aliyeolewa Singida. Mwenye kujua mirathi anajua: mafungu matano. Kila mwanamume mawili, mwanamke moja. Yaani ekari nne, nne na mbili.

Mdogo wangu akasema baba alipokuwa mgonjwa alimpa ekari sita kwa mdomo wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki nyumbani akimuuguza. Hakuna shahidi. Hakuna maandishi. Baba aliendelea kulima shamba lote mpaka mwisho, hakuna lililokabidhiwa. Kisheria madai yake hayakusimama, na kuyakubali ilikuwa kumpunja dada yetu haki aliyopewa na Mola wake. Hapo sikukosea, na leo nikiulizwa nitatoa jibu lile lile.

Nilikosea kwingine. Walikuwepo wazee, walikuwepo majirani, tumekaa ukumbini kwa marehemu. Mdogo wangu anaongea, sauti inamtetemeka. Mimi nikamkatisha nikasema, "Kama baba alikupa, nenda makaburini ukamlete aje aseme."

Watu wakacheka. Na mimi, Allah anisamehe, nilipowasikia wakicheka nilijisikia kama nipo ulingoni na mkanda kiunoni.

Mdogo wangu alinyamaza. Akasimama, akaenda nje. Shamba liligawiwa kama nilivyosema. Kuanzia siku ile hatukusemeshana. Alipopata mtoto sikwenda. Nilipofanyiwa upasuaji wa ngiri hakuja. Mzee mmoja niliyemwomba aingie kati alinijibu kwa msemo mnaoujua: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Akakataa.

Na katika miaka yote hiyo saba, mimi nilikuwa napanda mimbari hapa Nkuhungu na kuwafundisha watu hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wa wawili ni yule anayeanza kutoa salamu. Nilikuwa naijua sanad yake mpaka mwisho.

SAFARI YA WATATU

Wengi wenu mnajua nina pikipiki, Boxer ya mkononi niliyoinunua ili nifike kwenye darsa za vijijini. Kidogo kidogo nikaanza kuipenda safari yenyewe. Mara mbili kwa mwaka tunatoka watatu: mimi, mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi, na kijana wa miaka 29 ambaye ni fundi wa pikipiki. Wapo wanaosema hayo si ya shekhe. Waliomzunguka Mtume (s.a.w.) walikuwa wapanda farasi na ngamia, na ardhi ya Allah tumeamrishwa tutembee ndani yake tuzingatie.

Tunatoka watatu kwa sababu. Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kwamba msafiri wa peke yake, na hata wawili, wamo katika hatari ya shetani, lakini watatu ni msafara. Na imepokewa kuwa watatu wakisafiri wamchague mmoja awe amiri. Hii si nadharia. Ukipata pancha mbali na watu, mmoja anatoa tairi, mmoja anakata kiraka, mmoja anasimama barabarani kuonya magari. Mwaka huu tulimchagua fundi awe amiri. Mdogo kuliko sote, lakini ndiye anayeijua njia na chombo.

Mwezi Agosti, mwezi mmoja baada ya habari ile ya Hogan, tulipanga kwenda Babati na kurudi. Usiku fundi alikagua oili, breki, cheni na upepo wa matairi. Kofia ngumu ni lazima, na hapa nawasemesha vijana wangu wa bodaboda: kofia uliyoining'iniza kwenye kioo inalinda kioo. Mwili ni amana, utaulizwa.

Tuliswali Alfajiri msikitini, tukakaa juu ya vyombo, tukasoma dua ile inayotokana na Surat Az-Zukhruf, ambayo inatukumbusha neema ya chombo, na kwamba sisi wenyewe tusingeweza kukitiisha, na kwamba kwa Mola wetu ndiko marejeo. Kisha tukashika barabara ya Kondoa.

Wakubwa wenzangu wanaikumbuka barabara ile ilivyokuwa. Ni sehemu ya ile njia kuu ya zamani ya kutoka Cape Town mpaka Cairo, lakini kwetu ilikuwa vumbi, mashimo na kulala njiani wakati wa masika. Lami ya kutoka Dodoma mpaka Babati ilizinduliwa rasmi Aprili 2018. Leo unapita Makutupora kwenye mashamba ya zabibu jua halijachomoza vizuri, unafika Mayamaya, mibuyu imesimama kila upande haina jani hata moja, na upepo wa Agosti unaipiga pikipiki ubavuni mpaka unaendesha umeinama. Tukipanda mwinuko tunaleta takbira, tukishuka tunaleta tasbihi, kama alivyopokea Jabir kuwa ndivyo walivyokuwa wakifanya maswahaba. Ijaribuni hii sunna. Inakutuliza mkono kwenye mafuta.

Hatujafika Chemba, lori moja likatupita kwenye kona, likarudi upande wetu kabla halijamaliza kupita. Mwalimu akashuka lami, akaenda kwenye changarawe. Mimi nikashuka pia, tairi la nyuma likacheza, nikadhani ndiyo mwisho. Allah akatusalimisha.

Nikifikiria yaliyofuata naona haya. Nilililifukuza lile lori. Mimi, imamu wa miaka hamsini na nne, kanzu imefutikwa ndani ya jaketi. Nililikuta limesimama mbele, dereva ameshuka anakagua tairi. Nikatupa pikipiki, nikavua kofia ngumu, nikaishika kwa mkono kama silaha. Dereva alikuwa kijana tu. Akaanza, "Mzee, samahani, sikuku..." Mkono wangu ulishapanda juu.

Nikasikia nyuma yangu: "Shekhe! Kaa chini!"

Ni fundi. Anahema. "Mimi ndiye amiri wa safari. Kaa chini."

Nani asiyeijua ile hadithi ya Abu Dawud? Mwenye hasira akiwa amesimama, akae. Ikiwa haijamtoka, alale. Nimeifundisha mara ngapi? Lakini kuikalia, chini kabisa, kwenye changarawe za barabarani, mbele ya dereva na utingo wake, kwa amri ya kijana ninayemfundisha Qur'ani, hilo ni jambo jingine. Nilikaa. Kofia ngumu mapajani, miguu inatetemeka. Dereva akaomba msamaha wa kweli, mwalimu akamsemesha kwa upole, wakaenda zao.

Fundi akaja akachuchumaa pembeni yangu. Akaniuliza swali moja. "Shekhe, hii hasira yote ni ya lori?"

Sikumjibu. Tulikuwa tumebakiza muda mfupi tu kufika Kondoa. Na mpango wangu, kama safari zote zilizotangulia, ulikuwa kupita Kondoa bila kusimama, eti tuwahi michoro ya mapangoni kule Kolo.

Nikamwambia, "Tukifika Kondoa, tuna mahali pa kuingia."

NYUMBANI

Mtoto wa miaka sita alikuwa anacheza uani. Aliniona na ndevu zangu nyeupe zilizojaa vumbi, akakimbilia ndani. "Mama, kuna babu amekuja na pikipiki." Shemeji akatoka, akasimama mlangoni, akashika kanga yake kwa mkono. Kisha akamwambia mtoto polepole, "Huyo si babu. Huyo ni baba mkubwa wako."

Mdogo wangu akatoka nyuma ya nyumba. Kichwa chake nacho kimekuwa cheupe. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yakapotea yote, nikabaki na salamu. "Assalaamu alaykum."

Kimya. Kisha, "Wa alaykumus salaam, kaka."

Nilimwambia mbele ya mkewe, mwanawe na wenzangu wawili: maneno niliyokuambia kwenye matanga ya baba yalikuwa dhulma. Sikuja kwa ajili ya shamba. Nimekuja kwa ajili ya neno lile. Nilikuvunja mkono tukiwa watoto ukanisitiri, na mimi nikiwa mtu mzima nikakuvunja mbele za watu, nikiwa na elimu.

Hakusema amesamehe. Naeleza kama ilivyokuwa, nisije nikawadanganya. Alikaa kwenye kigoda, akatazama chini muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ulisikia Kamala alikufa?"

Nikasema nilisikia. Agosti 2020. Kisukari kilimla, akakatwa miguu yote miwili kabla ya kifo chake.

Akasema, "Siku ile nilitaka kukupigia simu."

Ndugu zangu, nimesoma vitabu, nimesikiliza mawaidha ya masheikh wakubwa. Hakuna maneno yaliyowahi kunipiga kama yale. Miaka mitano ndugu yangu alikuwa na simu mkononi, na mimi nilikuwa na simu mkononi, na kila mmoja ana habari ya kumpa mwenzake.

Adhana ya Adhuhuri ikatoka. Sisi tulikuwa wasafiri, nimeshanuia kukusuru. Shemeji akatandika mikeka uani. Mdogo wangu akaniashiria nitangulie niswalishe, kwa kuwa mimi ndiye imamu. Nikakataa. Mwenye nyumba ndiye mwenye haki ya kuongoza nyumbani kwake. Akatangulia yeye. Na msafiri akiswali nyuma ya mkazi hukamilisha, kwa hiyo nikaswali rakaa nne nyuma ya ndugu yangu. Alipoinua mikono kwenye takbira, wa kulia ulifika sikioni. Wa kushoto uliishia begani.

Baada ya swala akasema, "Shamba bado naona kama nilivyoona." Nikamwambia, "Na mimi bado naona kama nilivyoona. Tutamwita dada, tutakaa na mwanazuoni mwingine asiye mimi." Akakubali. Kikao hicho bado hakijafanyika, In shaa Allah baada ya mavuno ya alizeti. Tulikula ugali na mlenda, na Babati hatukufika. Wenzangu hawakulalamika.

MAFUNZO

Moja. Kuwa na haki hakukupi ruhusa ya kumdhalilisha mwenzako. Unaweza kushinda hoja na ukabeba dhambi. Wanandoa, warithi, viongozi wa misikiti, litazameni hili.

Mbili. Mieleka ya kweli, kwa adabu na kusitiri uchi, bila kupiga uso na bila kamari, ni mazoezi yenye asili. Ile ya kwenye runinga ni igizo: mwaka 1989 wenye kampuni wenyewe walikiri hivyo mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey ili waondolewe masharti na kodi za michezo. Kumbukumbu zake ni tamu kwangu, sikatai. Lakini ikikupotezea swala au ikikufundisha kumchukia usiyemjua, iache.

Tatu. Msafiri, usitoke peke yako ukiweza, na chagueni amiri. Kisha umtii, hata akiwa mdogo kwako. Mimi leo ningekuwa mahabusu, na uimamu wangu ungekuwa hadithi ya mjini.

Nne. Hasira ina dawa zake: kukaa, kunyamaza, kumwomba Allah akukinge na shetani. Katika Surat Aal Imran, aya ya 134, wanaomeza hasira na kuwasamehe watu wametajwa miongoni mwa wachamungu. Waswahili wamefupisha: hasira hasara.

Tano. Yupo mtu ambaye namba yake uliifuta. Umemjua wakati unasoma hapa. Usisubiri mmoja wenu afe ndipo mwingine apate habari ya kumpigia. Anza na salamu. Asipojibu, wewe umeshatoka kwenye dhambi ya kumhama.

Yule kijana wa bodaboda aliyenionyesha habari ya Hogan aliniuliza juzi kama nitakwenda tena Kondoa. Nikamwambia kila mwezi, hata mvua ikinyesha.

Ewe Mola wetu, tuunganishie undugu wetu uliokatika. Tupe nguvu ya kuziangusha nafsi zetu kabla hatujawaangusha wenzetu. Warehemu wazazi wetu na walimu wetu waliotufundisha. Walinde wasafiri wote walioko barabarani, wa pikipiki na wa magari, uwafikishe kwa watoto wao salama. Aamin, yaa Rabbal aalamiin.

Ukiona lina faida, msambazie nduguyo. Hasa yule.

Wabillaahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.